Kaske ya Anayekaa Nyuma: Tununue kwa Akili, Si kwa Bei Tu

Juma hili tunaongea juu ya kitu ambacho tunakiona kila siku kikining'inia kwenye pikipiki, lakini si wengi wetu tunaokiangalia ndani. Ni kaske ya abiria.

Mwanzoni mwa mwaka wa masomo, binti yangu alianza kusomea uuguzi. Kutoka kwetu Panzi mpaka shuleni kwake ni mbali kwa mguu, na ukihesabu pesa ya motari ya kwenda na kurudi, siku sita kwa juma, mfuko unatoboka kabla mwezi haujafika katikati. Yaya wake ana pikipiki ya kazi. Tukapatana kwamba atakuwa anamfikisha shuleni kila asubuhi. Kijana alikuwa na kaske yake, tena nzuri. Ya binti haikuwepo.

Nikapanda Kadutu sokoni. Nikatafuta ya bei ya chini kabisa, tena nikachagua kubwa. Nilijiambia moyoni: kubwa ndiyo nzuri, binti atavaa, mimi nitavaa nikienda kwenye mkutano, na shangazi yake akija kututembelea naye atavaa. Nilirudi nyumbani na furaha ya mtu aliyeokota pesa barabarani.

Juma la tatu mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kufika Essence, gurudumu la nyuma liliteleza kwenye matope. Hawakuwa mbio. Pikipiki ililala upande, kijana akaangukia mkono, binti akaanguka kinyumenyume. Kaske ilimtoka kabla kichwa hakijafika chini. Watu waliokimbia kuwasaidia waliiokota kando, ndani ya mfereji, nzima kabisa, haina hata mkwaruzo. Binti alishonwa nyuzi tano kisogoni.

Namshukuru Mungu, leo anasoma na kichwa hakimwumi. Lakini muuguzi aliyemshona aliniuliza swali moja ambalo bado linanichoma: "Mama, huyu hakuvaa kaske?" Nilijibu kwamba alivaa. Alinyamaza, akaendelea na kazi yake. Njiani nikirudi ndipo nilipoelewa. Kaske niliyoinunua iwe ya kila mtu haikuwa ya mtu yeyote.

Tangu siku ile niliuliza, nikasoma, nikarudi sokoni mara tatu. Haya ndiyo niliyoyapata, ili mama mwingine asijifunze kwa nyuzi.

Kwa nini anayekaa nyuma ana hatari yake

Katika jamaa nyingi kaske nzuri ni ya anayeendesha, na anayekaa nyuma anapewa iliyobaki. Tunafikiri dereva ndiye mwenye kazi, basi ndiye wa kulindwa. Lakini dereva anaona shimo kabla ya kulifikia. Mikono yake imeshika usukani, na mwili wake unajitayarisha. Anayekaa nyuma haoni kitu isipokuwa mgongo wa mwenzake. Shimo linamkuta hajajiandaa. Pikipiki ikiruka mbele kwa nguvu, yeye ndiye anayetupwa nyuma. Tena sisi wamama tukivaa kikwembe tunakaa upande, miguu yote miwili sehemu moja, na tunashika kwa mkono mmoja kwa sababu mkono wa pili una mfuko.

Msidanganyike pia kwamba mwendo wa polepole hauna hatari. Kichwa cha mtu aliyekaa juu ya pikipiki kiko karibu mita moja na nusu kutoka chini. Kikianguka kutoka hapo, hata kama pikipiki imesimama, kinafika kwenye lami kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Ni kama kukimbia mbio zako zote na kugonga ukuta kwa kichwa.

Waganga walijua jambo hili zamani. Mwaka 1935, Mwingereza mmoja mwenye sifa kubwa, T. E. Lawrence, alianguka na pikipiki yake, akafa baada ya siku sita bila kuamka. Hakuwa na kaske. Mmoja wa waganga waliomwangalia, Hugh Cairns, aliyekuwa mpasuaji wa ubongo, alianza kuchunguza vifo vya askari waliopeleka barua kwa pikipiki, na kazi yake ilisaidia kulifanya jeshi la Uingereza livalishe askari hao kaske. Baadaye waganga walikusanya pamoja uchunguzi mwingi wa namna hiyo kutoka nchi mbalimbali. Waliona kwamba, kwa watu wanaopata ajali ya pikipiki, kaske inapunguza kuumia kichwa kwa karibu 69 kwa 100, na kifo kwa karibu 42 kwa 100. Lakini hiyo ni kaske iliyobaki kichwani, si ile ya mferejini.

Kinachookoa kiko ndani

Tukifika sokoni, macho yetu yanakwenda kwenye rangi na mng'ao. Lakini gamba la nje kazi yake ni kuzuia kitu chenye ncha kisipenye, na kutawanya nguvu ya pigo. Anayeokoa ubongo ni yule asiyeonekana. Ni frigoliti, ile povu nyeupe ngumu inayowekwa ndani ya kartoni ya televizio mpya. Kichwa kikigonga, frigoliti inapondeka, na kwa kupondeka inakula nguvu ya pigo ili isifike yote kwenye ubongo. Sifongo laini iliyo juu yake ni ya kukufanya usikie vizuri tu. Haiokoi mtu.

Kuna kaske sokoni ambazo ndani yake hamna kitu isipokuwa sifongo na kitambaa juu ya plastiki. Yangu ilikuwa hivyo. Hiyo si kaske, ni kofia ya kuogopesha polisi wa rulaje. Na msichukue kaske ya wajenzi, wala ya baiskeli. Ile ya wajenzi imetengenezwa kwa ajili ya jiwe linaloanguka kutoka juu, na ya baiskeli ni kwa mwendo mdogo. Hakuna hata moja iliyofanywa kwa ajili ya mtu anayeanguka kutoka kwenye pikipiki.

Aina tatu mtakazoziona

Ya kwanza ni ile inayofunika kichwa chote na kidevu, na kioo mbele. Hiyo ndiyo inayolinda zaidi, kwa sababu mtu anayeanguka mara nyingi anatanguliza uso. Ya pili inafunika kichwa, masikio na kisogo, lakini kidevu kiko wazi. Ya tatu ni ile nusu, kama bakuli, inayokaa juu ya utosi tu.

Kama pesa inatosha na mvaaji anaivumilia, chukueni ya kwanza. Kuna wamama ambao hawawezi kufungiwa uso, kwa joto, kwa kifua, au kwa miwani. Kwao ya pili ikiwa imara na inafungika vizuri ni bora kuliko ya kwanza ambayo itabaki nyumbani. Ya tatu iacheni. Kisogo cha binti yangu ndicho kilichoshonwa, na ile bakuli haifiki huko.

Pima kichwa kabla ya kuhesabu pesa

Azimeni mita ya fundi wa kushona. Izungusheni kichwani juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio, mpaka pale kisogo kinapotokeza zaidi. Andikeni namba. Mara nyingi sentimita 55 na 56 ni S, 57 na 58 ni M, 59 na 60 ni L, 61 na 62 ni XL. Watengenezaji hawalingani sawasawa, kwa hiyo namba inawaonyesha pa kuanzia tu. Kichwa chenyewe ndicho kitakachoamua. Ndiyo maana mwenye kuvaa lazima aende sokoni yeye mwenyewe. Kumnunulia mtu kaske bila yeye kuwepo ni kama kumnunulia viatu kwa kukisia.

Sasa tuongee juu ya nywele, maana hapa ndipo wanawake wengi wanakataa kaske. Mtu ametoka kusuka, amelipa, amekaa saa nne, halafu aambiwe avae kitu kinachobana. Namwelewa. Lakini msinunue kaske kubwa kwa ajili ya mafundo na meshi nyingi. Siku mtakapofumua, itacheza kichwani kama sufuria juu ya fimbo. Kwa anayepanda pikipiki kila siku, misuko ya kulala kichwani ndiyo inayofaa, mikia ishuke shingoni, pasiwe na fundo kubwa utosini wala kisogoni. Kitambaa cha pamba chepesi chini ya kaske kinalinda nywele na kinazuia jasho. Kilemba kinene chenye fundo kivuliwe, kiwekwe kwenye mfuko, kivaliwe tena mkifika.

Majaribio ya kufanya pale pale dukani

Muuzaji mwema hatakataza. Akikataza, nendeni kwa jirani yake.

Kwanza, ivaeni. Inapaswa kubana kidogo, mashavu yasogee, ngozi ya paji iguswe pande zote. Kaske mpya inayoingia bila shida itakuwa kubwa baada ya miezi michache, kwa sababu sifongo inalala.

Pili, ishikeni kwa mikono miwili, izungusheni kushoto na kulia. Ngozi ya uso inapaswa kwenda pamoja nayo. Ikizunguka peke yake, ni kubwa.

Tatu, fungeni mkanda wa kidevu mpaka ziingie vidole viwili tu. Halafu mwenzenu asimame nyuma, ashike ukingo wa chini kisogoni, avute kwenda juu na mbele, kama anayetaka kuitoa. Ikitoka, irudisheni kwenye meza. Jaribio hili ni la nukta chache tu. Ningelifanya siku ile Kadutu, nisingekuwa ninaandika habari hii.

Nne, kaeni nayo kichwani dakika kumi mkiongea bei. Ikiwa kuna sehemu moja inayouma, hasa kwenye paji, umbo lake si umbo la kichwa hicho, hata kama namba ni sawa.

Tano, ifungueni ndani. Sukumeni kitambaa kwa kidole, tafuteni frigoliti. Bonyezeni kwa kidole gumba: inapaswa kuwa ngumu, isiingie kama godoro. Iendelee mpaka kisogoni na pembeni, si utosini tu.

Sita, fungeni na kufungua kifungo mara kumi. Angalieni mahali mkanda unaposhikana na gamba. Ukiwa umeshikiliwa na plastiki nyembamba, utakatika siku mnapouhitaji.

Saba, kioo kiwe cheupe. Kile cheusi kinapendeza mchana, lakini jioni kinamfanya mtu kuwa kipofu, na wengi wetu tunarudi nyumbani jua limekwisha kuzama.

Nane, ipimeni uzito kwa mkono. Nyingi zinazofunika kichwa chote zina karibu kilo moja na nusu. Nyepesi kupita kiasi, ulizeni kuna nini ndani. Nzito sana, shingo ya msichana itachoka, na kila dereva akifunga breki itagonga kaske yake.

Alama ya kutafuta

Kaske zilizopimwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa zina kitambaa kidogo, mara nyingi kimeshonwa kwenye mkanda wa kidevu. Kina herufi E ndani ya duara, pamoja na namba ya nchi iliyotoa kibali: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia, 4 Uholanzi. Chini yake kuna mstari mrefu wa namba. Ukianza na 05 au 06, hilo ni toleo la kanuni, na 06 ndiyo mpya zaidi. Herufi P inaonyesha kwamba kidevu nacho kimelindwa, na J ni ile ya uso wazi.

Lakini tusiwe watoto. Karatasi ya kubandika mtu yeyote anaweza kuichapa. Alama iliyoshonwa inatia moyo, ila haichukui nafasi ya majaribio yale manane. Kaske yenye alama nzuri lakini kubwa itaishia mferejini kama yangu.

Bei nzuri ni ipi?

Bei nzuri haimaanishi ya chini, wala ya juu. Nimeona kaske mbili zenye frigoliti sawa na kifungo sawa. Moja ilizidi nyingine kwa sababu ya michoro ya moto na jina la mwanamichezo. Michoro haiokoi. Lipeni kwa ajili ya vitu vinne: saizi sahihi, frigoliti ngumu, mkanda imara, na uso uliofunikwa. Yanayobaki ni mapambo.

Tufanye hesabu. Tuseme kaske nzuri ni dola 30. Mwanafunzi akiivaa siku tano kwa juma kwa miaka mitatu, ni siku karibu 780. Kila siku inagharimu chini ya senti 4 za dola. Ile ya kwangu ya bei ya chini ilifanya kazi majuma matatu, na kulipa kituo cha afya kulizidi bei ya kaske nzuri, bila kuhesabu siku ambazo binti hakusoma na yaya wake hakufanya kazi.

Kwa zile zilizokwisha kutumika: frigoliti inapondeka mara moja tu, haijirudishi. Kaske iliyokwisha kuanguka na mtu inaweza kuonekana nzima nje, lakini ndani imekwisha kazi yake. Muuzaji hawezi kuwaambia ilipitia wapi. Mkiona imepakwa rangi upya, iogopeni zaidi, maana rangi inaficha nyufa. Afadhali mpya isiyo na sifa kuliko ya zamani yenye jina kubwa.

Kwa wanaopanda motari

Wale wanaovuka Ruzizi kwenda Kamembe wanajua kwamba motari wa kule anakupa kaske kabla ya kuwasha pikipiki. Ni desturi nzuri, lakini kaske ile imevaliwa na watu wengi, na ni saizi moja kwa vichwa vyote. Hapa kwetu mara nyingi hata hiyo hatupewi. Mama anayepanda motari kila siku afikirie kuwa na yake, kama vile ana mwavuli wake. Mkipewa ya motari, wekeni kwanza kitambaa chenu, kazeni mkanda, na kama haufungi, mwambieni bila haya: "Kaka, hii haifungi, twende polepole."

Na mtoto? Kwa mtoto mkubwa, tafuteni saizi ya mtoto, mfanye majaribio yale yale. Msimvalishe ya mtu mzima na kujaza nguo ndani. Kwa mtoto mchanga wa mgongoni nitasema ukweli ingawa unauma: hakuna kaske inayomfaa, shingo yake haiwezi kubeba uzito. Inapowezekana, panda basi naye, au nenda kwa mguu.

Kuitunza

Oshweni kwa sabuni ya kawaida na maji, ikauke kivulini. Msitumie petroli wala dawa ya kuyeyusha rangi. Vinakula frigoliti bila mtu kuona. Msiikalie, msiitumie kubebea nyanya, msiitundike kwenye kioo cha pikipiki. Ikianguka na kichwa ndani yake, iwekeni kando, hata kama inang'aa. Hata isipoanguka, watengenezaji wengi wanashauri kuibadilisha baada ya miaka kama mitano.

Pesa itoke wapi?

Najua mama mmoja atasema: yote ni kweli, lakini dola zenyewe hazipo. Ndiyo maana tuna muso, na ndiyo maana tunacheza likelemba. Tumekwisha kununua masufuria hivyo, na vikwembe vya sikukuu. Kwa nini tusifanye zamu ya kaske? Kila juma mama mmoja apokee, aende sokoni na yule atakayeivaa, pamoja na dada mmoja wa chama mwenye kujua kuvuta kaske kutoka nyuma. Tena tukienda watano kwa muuzaji mmoja, atashusha bei.

Nitalileta jambo hili kwenye mkutano wetu ujao. Nitakuja na mita, na nitakuja na kaske mbili: ile ya mferejini, niliyoichana ili muone utupu wake, na mpya ya binti yangu, inayombana mashavu. Asubuhi analalamika kwamba inamharibia nywele. Namwacha alalamike, namkazia mkanda, navuta kutoka nyuma mara moja, ndipo nawaruhusu waende.